Rambirambi za Mwalimu Kyule

Mwalimu Ndinda alikuwa amefika mahali pa kulichukia neno Amina, na yeye ni mtu wa kanisa, tena wa kwaya.

Ukiandika kwenye grupu la WhatsApp, "Jameni, siku hiyo tunaanza saa ngapi?" unajibiwa Amina. Ukiuliza ni nani ana namba ya fulani, unaletewa Amina na mikono mitatu ya kuomba. Watu zaidi ya sitini, walimu watupu! Watu waliokula vumbi la chaki maisha yao yote wakiwafokea watoto wa wenyewe, soma swali kabla hujajibu! Ndinda alikuwa akiitupa ile simu juu ya gunia la mbaazi na kuiambia, "Mngekuwa darasa langu, leo mngelala shuleni."

Grupu lenyewe lilikuwa la watu waliosoma pamoja chuo cha ualimu, wakamaliza mwaka wa themanini na tano. Miaka arobaini ilikuwa inatimia Desemba hii. Mwenyekiti wao, Mwangangi, ambaye zamani alikuwa afisa wa elimu na mpaka leo hajapona, alikuwa ametangaza kwamba watakutana Malili, kwenye ukumbi ulio karibu na barabara ya Mombasa, wale chakula, wamshukuru Mungu, wawakumbuke waliotangulia. Ndinda alipewa kazi ya kutafuta waliopotea. Hakuiomba. Tena alikuwa mgeni humo grupuni, kwa maana miaka yote alitumia simu ya kabambe, ile ya vibonye, na hii ya kupapasa alinunuliwa na binti yake mwaka huu tu. Lakini mwalimu mkuu mstaafu ni kama punda: kila anayemwona anakumbuka mtungi wa maji.

Basi akapiga simu. Alisimama pale kwenye lango la boma lake huko Tulia, Kitui, ambapo mtandao haukatiki sana, akapiga mpaka sikio likapata moto. Ndolo wa Kitui mjini alimwombea kwa sauti kubwa mpaka salio likaisha, asiseme kama anakuja au haji. Muthoki, anayeuza chakula cha mifugo na saruji huko Malili, alishika simu katikati ya honi za malori. "Ndinda wangu! Woi, nimekukumbuka! Nakupigia saa hii hii." Saa hiyo hiyo haijafika mpaka leo.

Na mwenye macho haambiwi tazama. Ndinda angewaachia zamani sana mkutano wao na Amina zao, ila kulikuwa na mtu mmoja aliyemtafuta kwa moyo wake wote. Kyule.

Yeye na Kyule walipelekwa pamoja kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ya mabati ambapo darasa la nne na la tano yalitenganishwa na ukuta wa mbao. Wiki ile ya mwisho, mkaguzi akitarajiwa wakati wowote, malaria ilimwangusha Ndinda. Mkaguzi akafika. Kyule akabandua mbao mbili, akasimama katikati ya madarasa yote mawili, mkono huu hesabu, mkono huu jiografia, akamwambia mkaguzi kwamba Mwalimu Ndinda ameenda kuchukua chaki ofisini. Watoto wote wakaitikia, ndiyo mwalimu, ameenda chaki. Ndinda alipata cheti chake akiwa kitandani anatetemeka. Alifundisha kwa cheti hicho shule nne, akalea watoto watatu, akamzika mume, akastaafu akiwa mwalimu mkuu. Kyule alipelekwa Makueni, yeye Kitui, wakaandikiana mwaka mmoja au miwili, halafu, basi. Mambo ya dunia.

Alipomuuliza Mwangangi, mwenyekiti alishusha sauti kama mtu anayesoma taarifa.

"Kwani hukujua? Kyule alituacha. Karibu miaka mitatu sasa."

Ndinda aliketi juu ya jiwe la langoni. Alilia, tena alilia kwa hasira, maana arobaini ni miaka mingi na yeye hakuwa ameitumia hata siku moja kusema asante. Kisha akauliza, "Na ni nani wetu alienda kumzika?"

"Tuliwakilishwa vizuri sana," alisema Mwangangi.

"Na mkewe yuko wapi?"

"Kiboko, nyuma ya kile kituo cha utafiti wa kilimo. Walinunua shamba huko. Lakini Ndinda, si unaweza kuandika tu kwenye grupu? Tutamfikishia."

Kuandika! Kule alikozaliwa Ndinda, rambirambi hazitumwi, hupelekwa kwa miguu. Hata ukichelewa, unaingia, unaketi, unalia kidogo na wenyewe, unakunywa chai yao, ndipo unahesabiwa kwamba umekuja. Alinunua leso nzuri ya mjane, sukari, majani ya chai na unga. Kesho yake alfajiri alipanda gari la njia ya Kitui kwenda Mutomo mpaka Kibwezi, akapanda lingine la kurudi juu kupita Makindu, akashuka Kiboko jua likiwa kali, mgongo ukimwambia maneno yasiyoandikika.

Mke wa Kyule anaitwa Kasiva. Alimkaribisha kwa heshima zote, akamwekea kiti kivulini, akamletea maji ya kunawa. Ndinda akamfungulia ile leso, akamfunika nayo mabegani, na machozi yakaanza.

"Pole sana, mama. Nimechelewa. Sikuwa nimejua."

"Asante," alisema Kasiva, akiishika leso kwa mshangao. "Pole ya nini?"

"Ya mwalimu."

"Mwalimu? Amefanya nini tena?" Kasiva akageuka kuelekea zizini. "Wewe Kyule! Njoo! Kuna mgeni hapa anakulilia!"

Akatokea mzee mrefu mwenye viatu vya mpira na ndoo ya maziwa. Nywele zilikuwa nyeupe, lakini ule mwendo wa kurusha goti ulikuwa wake. Ndinda alipiga ukemi ambao ng'ombe wenyewe waliusikia. Mzee akamtazama, akatazama leso mabegani mwa mkewe, akatazama sukari na majani ya chai, akaelewa yote.

"Ndinda," alisema. "Umekuja kunizika. Kasiva, weka chai. Mwombolezaji wa kwanza amefika."

Ndinda hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili, halafu akamfuata Kyule na mkoba wake akampiga nao begani. "Uko hai! Kwa nini uko hai na husemi? Nimetoka Tulia usiku na huu mgongo wangu, kumbe mtu anakamua ng'ombe!"

"Niache nikae chini kwanza," alisema Kyule. "Mimi ni marehemu, nahitaji kupumzika."

Chai ilipokuja ndipo aliposimulia. Mtu fulani alikuwa amemwingiza kwenye lile grupu tangu lianzishwe, namba yake tu, bila jina wala picha, na yeye si mtu wa kuandika. Alikuwa akisoma tu. Kisha asubuhi moja redio ikatangaza kifo cha mwalimu mmoja Kyule wa upande wa Mbooni, mtu mwingine kabisa, Mungu amrehemu. Mmoja akasikia, akaandika kwamba Kyule wetu hayuko tena. Hakuna aliyeuliza ni Kyule gani.

"Ilikuwa mvua ya rambirambi," alisema Kyule. "Pumzika kwa amani, rafiki wa kweli. Pengo lako halitazibika. Mwangangi aliandika shairi zima. Nikasoma mpaka miwani ikaingia ukungu. Sikujua nilipendwa hivyo."

"Si ungesema!"

"Nilishaanza kuandika, niko hapa, wajinga nyinyi. Halafu nikasema, ngoja. Wacha waje. Wafike wakiwa na huzuni zao, wanikute nimekaa hapa na kikombe, tucheke mpaka mbavu ziume. Miaka mingapi hatujaonana? Nikaenda kanisani nikaazima viti. Kasiva akapika muthokoi kwa ile sufuria ya harusi."

"Nilipika wiki nzima," alisema Kasiva bila kuinua macho.

"Siku ya kwanza nikasema, wako mbali. Ya pili nikasema, wanangojana waje pamoja. Nilikuwa nimekaa pale nje, gari likipunguza mwendo barabarani nasimama. Jumapili, kanisa likataka viti vyake."

Alisema hivyo akitikisa kikombe, akikoroga sukari iliyokwisha yeyuka zamani. Hakukuwa na kicheko tena. Ndinda alishikwa na hasira, na safari hii si kwa Kyule. Alitoa simu hapo hapo akampigia Mwangangi.

"Mwenyekiti, niko kwa Kyule. Kyule yuko hai."

"Ndinda, labda huyo ni ndugu yake. Ndugu hufanana."

"Nimekunywa chai ya maziwa aliyokamua mwenyewe mbele ya macho yangu, Mwangangi!"

Mwangangi akasema, kwa uchungu wa kweli, "Sasa itakuwaje? Bango la marehemu limeshachapishwa. Picha yake ndiyo iko katikati." Ndinda alipokuwa bado anatafuta tusi linalomfaa mtu wa umri wake, mwenyekiti akachangamka. "Ngoja! Hii ni nzuri! Tumfiche nyuma ya ukumbi. Nikifika kwa marehemu nikitaja jina lake, anaingia! Watu wataanguka! Mjukuu wangu atarekodi."

"Mwangangi, mpigie mwenzako simu. Umwambie pole. Hiyo tu."

"Nitampigia."

Kyule alikuwa amesikia kila kitu. Ndinda akamgeukia. "Njoo Malili. Nakuomba mimi. Achana na huyo na upuuzi wake. Njoo uketi na sisi, watu wakuone."

"Nifuate nini?"

"Unifuate mimi."

"Wewe umeshakuja." Aliweka kikombe chini. "Sikiza, nikuambie kitu rahisi. Mtu mmoja anipigie. Mmoja tu. Namba yangu wanatembea nayo wote mifukoni, miaka yote hii. Aniulize, Kyule, ni kweli uko hai? Nitaoga, nitavaa ile suti, nitakuja. Nitacheka nao na sitasema neno la viti. Lakini kusimama mlangoni nikingoja kutajwa, hapana."

"Mmoja tu?"

"Mmoja."

Ndinda aliona hilo ni jambo dogo. Mtu mmoja katika sitini! Angewapata kumi kabla ya Jumatatu.

Jioni Kyule alimsindikiza hadi barabarani, kama ilivyo desturi, amembebea mkoba uliojaa malimau na ndengu kutoka kwa Kasiva. Walipokuwa wakingoja gari, aliuliza bila kumtazama.

"Ndinda. Kama ungejua niko hai, ungekuja?"

Malori yalipita mawili matatu. Angeweza kudanganya. Mzee wa watu alikuwa amekwisha danganywa na wengi, mmoja zaidi asingehisi kitu.

"Ningesema nitakuja," alisema Ndinda.

Kyule alitikisa kichwa polepole, akampa mkono, akaushika kwa muda mrefu.

Wiki iliyofuata ilimzeesha Ndinda kuliko miaka mitano ya ualimu mkuu. Aliandika kwenye grupu kwa herufi kubwa: KYULE YU HAI. NIMEMWONA KIBOKO. MPIGIENI, NAMBA YAKE NI HII. Zikaja Amina zaidi ya ishirini. Zikaja Sifa kwa Bwana. Katikati yake mmoja akaandika, "Pumzika kwa amani, Kyule, tutaonana asubuhi ile njema." Ndinda aliisoma mara mbili, akaingia jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Akaanza kuwapigia mmoja mmoja. Muthoki wa Malili alishangaa kwa sauti, akamwita Yesu, akafurahi kweli kweli.

"Sasa Muthoki, wewe uko barabara ile ile," alisema Ndinda. "Ungeteremka tu mpaka Kiboko. Ilikuwaje hukwenda mazishini?"

"Haki Ndinda, si Kyule ni mtu wa Kitui? Nilijua atazikwa kwao. Nikasema watu wa Kitui wako."

Akampigia Ndolo. "Sisi wa Kitui tungeendaje?" alisema Ndolo. "Shamba lake si liko Makueni? Tulijua watu wa Makueni wako."

"Kwa hivyo mtu akizaliwa huku na kujenga kule, hazikwi na mtu?"

"Usiseme hivyo, mwalimu. Tulikuwa na huzuni sana."

Na hilo ndilo lililomwudhi zaidi, kwamba Ndolo hakuwa anadanganya. Walikuwa na huzuni. Wote walikuwa na huzuni, kila mmoja nyumbani kwake, kila mmoja akijua kwamba mwenzake ameenda. Ndinda akawaomba, akawabembeleza, hata mmoja wao alimfokea kama anavyofokewa mtoto wa darasa la pili. Mpigie, ni dakika moja. Wote wakamjibu kitu kimoja: nitampigia. Muthoki alisema anampigia saa hii hii.

Ijumaa mchana Ndinda alipiga Kiboko. "Kuna mtu amepiga?"

"Mmoja," alisema Kyule.

"Asante Mungu! Nani?"

"Alikuwa amekosea namba. Tulisalimiana vizuri."

Ndinda hakulala vizuri. Alifikiria kutokwenda kabisa. Lakini akasema, nisipokwenda, nani atawaambia? Jumamosi, siku ya mkutano, akavaa kitenge chake cha kijani akaenda Malili.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Walikumbatiana, wakapigana mabegani, wakaambiana hujazeeka na uongo mwingine wa namna hiyo. Ndinda alitaka kufurahi. Kwa nusu saa alifurahi hata, maana watu uliokula nao ugali mbichi wa chuoni hawasahauliki, na Muthoki alimshika kiuno wakacheza pale pale mlangoni. Halafu akainua macho, akaliona lile bango. Kyule alikuwa katikati, kijana wa miaka ishirini na kitu, tai imepinda, na chini yake maneno: Mlale Salama. Mwangangi alikuwa ameahidi kuifunika picha hiyo kwa karatasi. Hakukuwa na karatasi.

"Mwenyekiti, ulimpigia?" alimuuliza pembeni.

"Nilikuwa nimpigie jana, mambo yakawa mengi. Si yeye amekataa kuja? Hata nilimwandalia mlango wa nyuma." Akamgusa bega. "Leo ni siku ya furaha, Ndinda. Usiiharibu."

Baada ya nyimbo na maombi, Mwangangi alishika kipaza sauti, akawaomba wasimame kwa heshima ya waliotangulia. Akaanza kusoma. Majina kumi na kitu, mengine ya watu waliokuwa wamemchekesha Ndinda mpaka akashikwa na kwikwi, na kwa hao alisimama na kuinamisha kichwa. Kisha Mwangangi akasoma, "Mwalimu Kyule," haraka haraka, kama mtu anayeruka mtaro, akaomba dakika moja ya kimya.

Ndinda akaketi.

Kiti kililia. Muthoki, akiwa amefumba macho, alimvuta mkono. "Simama mwenzangu, ni marehemu," alinong'ona.

"Ni nani marehemu?" alisema Ndinda kwa sauti ya paredi, ile ya kufika mpaka uwanjani. "Mliambiwa! Mliambiwa na mkasema asifiwe Bwana!"

Macho yakafumbuka moja moja. Mwangangi akamwonyesha kwa kiganja, polepole, baadaye. Ndinda alitoa simu mkobani. Akabonyeza namba, akakosea mara ya kwanza, akarudia. Akaweka spika, akainua mkono juu kadiri bega lilivyomruhusu. Ukumbi mzima ukasikia simu ikiita.

"Haloo? Ndinda?" Sauti ilikuwa ya mzee sasa, lakini ndiyo ile iliyokuwa ikiwaamsha chuoni siku za zamu yake. Mwanamke mmoja nyuma akasema woi na kujishika mdomo. "Kuna nini? Mmefika salama?"

"Tumefika, Kyule. Tuko hapa ukumbini. Wamesimama kwa ajili yako."

Huko Kiboko ng'ombe alilia mara moja.

"Wamesimama wangapi?"

Ndinda akawatazama. Ndolo alikuwa ameshika kofia yake kifuani. "Kila mtu," alisema.

"Kila mtu." Akalirudia neno hilo taratibu. "Basi waambie waketi. Kwa umri wetu magoti hayataki mchezo. Na uwaambie familia inawashukuru kwa kuja."

Simu ikakatika. Wakaketi mmoja mmoja, viti vikikwaruza sakafu, na Mwangangi akabaki peke yake amesimama na kipaza sauti, akitafuta kwenye karatasi ni nini kilichokuwa kinafuata.